Mama wa Labo na Makohozi ya Kuazima

Nasema mapema nisije nikaonekana mnafiki: huyu mama nilimchukia. Nilimchukia kwa bidii na kwa ratiba, kama mtu anayemwagilia mchicha. Nikipiga mswaki nilimchukia, nikipanga foleni ya maharagwe nilimchukia, nikienda kuoga nilikwenda na chuki yangu nikarudi nayo ikiwa safi zaidi. Kama chuki ingekuwa inafyatuliwa matofali, mimi peke yangu ningejenga nyumba kutoka Kashojwa hadi Isingiro mjini, na vyoo vyake. Leo naandika habari zake, na sijui kama nalipiza kisasi au natoa heshima. Mkono ule ule unaandika yote mawili.

Jina lake silitaji. Hapa Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi Uganda, tulimwita Mama wa Labo. Labo yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha kituo cha afya, chenye dirisha moja, meza ya saruji, na hadubini aliyoifunika kwa kitenge kizuri kuliko vyote alivyowahi kuvaa kanisani. Kazi yake ilikuwa kupima makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu, aone kama dawa inawaua wale wadudu au wadudu wanaicheka dawa. Mwezi wa pili wa dozi unapeleka kopo, wa tano unapeleka, wa mwisho unapeleka. Yeye anahesabu. Walikuwa wengi, wamepungua, wamekwisha. Ukisikia mtu Nakivale anasema amepona kifua, ujue ni huyo mama aliyekubali, maana daktari alikuwa anasoma tu alichoandikiwa.

Alikuwa mfupi kiasi kwamba alipindua ndoo juu ya kiti, akakalia ndoo, ndipo jicho lake likafika. Vidole vyake vilikuwa vyekundu hadi fundo la pili kwa sababu ya rangi anayoichemsha juu ya vioo vidogo vya makohozi, ile inayowashika wadudu wakawa wekundu na vingine vyote vikabaki buluu. Haikutoka kwa sabuni, haikutoka kwa majivu. Kwenye kwaya alipiga makofi nayo, na watoto wa safu ya mbele waliapa kwamba ni damu ya watu waliomdanganya. Hakuwakanusha. Nadhani ilimpendeza.

Karatasi zake za kazi alizozitoa Kivu ya Kusini, Kongo, hazikutambuliwa huku, kwa hiyo kwenye orodha ya wafanyakazi aliandikwa mfagiaji. Mwenye cheti alikuwa kijana mmoja Mnyankore, mwenyeji wa huku, mpole, aliyekuja kutia sahihi na kuuliza kama kuna chai. Mfagiaji ndiye aliyeona, mwenye cheti ndiye aliyethibitisha, na kwa utaratibu huo tulipona watu wengi kuliko watu wa kanisa zima la Kashojwa siku ya Pasaka.

Sasa namna yake ya kuhesabu. Sheria inataka uangalie sehemu mia za kioo kabla hujasema mtu ni safi. Wengine wanaangalia ishirini, wanachungulia saa, wanaandika sifuri. Mama wa Labo aliweka punje mia za mahindi kwenye kopo la kushoto, na kila sehemu aliyoimaliza alihamisha punje moja kwenda kopo la kulia. Ukimsemesha akiwa kwenye ya sabini na nane, alirudisha mahindi yote kushoto akaanza moja. Mchungaji wetu, mtu wa Mungu aliyependa kusalimia, alimsalimia akiwa kwenye tisini na sita. Foleni ilikuwa na watu kumi na tisa. Nakuambia, siku ile mchungaji alisindikizwa hadi barabarani na maneno ambayo hayamo kwenye kitabu chochote cha sala.

Aliongea na wadudu. Nilimsikia mwenyewe kupitia dirisha: "Weye uko hapa bado? Mwezi uliopita nilikuona. Na huyu ndugu yako, naye amebaki?" Aliwaongelesha kama majirani waliovamia shamba lake, na walipopungua hakufurahi kama watu wanavyofurahi, alifurahi kama mtu anayehesabu maiti za waliomchomea nyumba. Wengi aliwaandika kwa misalaba, mtindo wa kwetu: misalaba mitatu wamejaa, miwili wamepungua, mmoja wanaondoka. Baada ya hapo aliwaandika mmoja mmoja. Siku ya sifuri hakukupa pongezi. Alisema, "Sifuri. Endelea kumeza."

Kukohoa pia alitufundisha. Nyuma ya labo, kwenye jua, karibu na mikaratusi, alisimama mbele yako akavuta pumzi hadi mabega yakafika masikioni, akaishikilia, akakohoa kutoka kwenye visigino. "Sitaki mate," alisema. "Mate ni ya kinywa, na kinywa ni muongo. Nataka ya ndani." Ukimletea mate aliyamwaga mbele yako. Mzee mmoja wa ng'ombe, mwenye heshima zake, alirudishwa mara nne asubuhi moja, na mara ya nne alikohoa kiasi kwamba ng'ombe wake kule bondeni walinyanyua vichwa.

Lakini tabia iliyomfanya ajulikane kuliko zote ni kwamba hakusamehe. Alikuwa mlokole wa kweli, hakukosa ibada, alifunga, alitoa. Kusamehe tu ndiko kulikomshinda, na hakuficha. Wakati wa maombi alisema kwa sauti, tukiwa tunamsikia wote: "Bwana, niombe kingine." Mama mmoja wa kwaya aliazima beseni lake akalirudisha limepasuka. Kwa miaka minne waliimba bega kwa bega, walishika kitabu kimoja cha nyimbo, na Mama wa Labo hakumpa hata habari ya asubuhi. Halafu yule mama akaanza kukohoa. Kioo chake kilisomwa mara tatu, punje mia tatu za mahindi, na kwenye mia tatu zile wakaonekana wadudu wawili ambao mtu mwingine angewapita kama vumbi. Mama wa Labo akatembea kwa miguu hadi nyumbani kwake, akasimama mlangoni, akauambia ukuta: "Huyu mama wa beseni aanze dawa kesho."

Miezi sita alipita kila asubuhi kumtazama akimeza, bila neno. Siku ya sifuri wote tulisubiri tuone. Akampa karatasi, akasema: "Beseni yangu ingali imepasuka."

Sababu yake aliitaja mara moja tu mbele yangu, na aliitaja akiosha vioo, mgongo kwangu. Alikuwa na binti, wa kwanza. Huko nyumbani mtu wa labo aliangalia kioo cha yule binti harakaharaka kwa kuwa kulikuwa na harusi ya kwenda, akaandika sifuri. Dawa zikasimamishwa. Alipokuja kupimwa na mwingine, hakukuwa tena na kitu cha kuokoa. "Ule mutu alikula pilau," alisema, akasuuza kioo, akakipanga. "Aliandika uongo, akaenda kula pilau." Tangu siku hiyo, alisema, adui zake wamekuwa wawili tu: mdudu, na mtu mwenye kudanganya kikombe cha makohozi.

Hapo ndipo mimi naingia, maana mimi nilidanganya kikombe.

Mambo yangu yalikuwa hivi. Mama yangu, dada zangu wawili na mimi tulikuwa kwenye orodha ya safari, ile ya kupelekwa nchi za baridi kuanza maisha upya. Tulipopimwa afya, mimi nikakutwa na kifua kikuu, misalaba mitatu. Watu wa safari wakasema familia itangoja, kijana ameze dozi, atoke na makohozi safi. Kila anayemeza lazima awe na mtu wa kumtazama, na wangu alikuwa mama. Mama hakutazama kidonge tu, alinifungua kinywa akaangalia chini ya ulimi kama anayenunua mbuzi.

Mwezi wa pili nilijisikia mzima kabisa. Nilikuwa nanenepa, ningeweza kubeba ng'ombe mmoja kila bega. Nikapeleka kopo, Mama wa Labo akahamisha punje zake, akaandika msalaba mmoja. Kwa msalaba ule dozi yangu ikarefushwa, na ndege ya kwanza ikaondoka bila sisi wanne. Mama alikunja nguo alizokuwa amezipanga kwenye mfuko akazirudisha kwenye kamba, hakunilaumu hata kidogo, na hilo liliniuma kuliko kulaumiwa. Nilianza kumchukia Mama wa Labo jioni ile.

Mwezi wa tano sifuri. Ikabaki kopo la mwisho. Safari ya pili ilikuwa imepangwa miezi miwili na kitu mbele, na wiki ile ya kopo nilikuwa na mafua ya vumbi, kifua kinanikwaruza. Nikaogopa. Nikajiona tena mama akirudisha nguo kwenye kamba. Basi nikaenda kwa jirani yangu, ambaye wote tulimwita Kipa kwa kuwa alilinda goli la timu ya Kashojwa, mtu mwenye kifua kama mlango wa ghala. Nikamwambia, ndugu yangu, nisaidie makohozi. Akacheka hadi mkewe akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Hapa kwetu watu wameazimana masufuria, viatu vya harusi, hata mtoto wa kubeba kwenye foleni, kwa hiyo kwake ombi halikuwa la ajabu sana. Akachukua kopo, akakohoa mara moja, akalijaza.

Mara moja, na kopo likajaa. Mimi na akili zangu zote nilimshukuru, nikakaza kifuniko, nikaenda. Sikujiuliza mtu mzima wa afya anapata wapi makohozi ya kujaza kopo kwa pumzi moja. Yeye mwenyewe alisema ni vumbi la golini.

Matokeo yakatoka: misalaba mitatu.

Elewa hesabu yangu siku ile. Makohozi ni ya Kipa. Kipa ni mzima, Jumapili tu alidaka penalti. Kwa hiyo huyu mwanamke hajaangalia kioo, ameandika misalaba kwa roho mbaya. Nilikuwa na ushahidi wa uongo wake na sikuweza kuutoa bila kutoa na wa kwangu. Akaomba kopo lingine. Nikakataa. Nikamwambia mbele ya foleni kwamba sikohoi tena kwa mtu mwongo, aandike misalaba mia akiona inampendeza, ajitundike nayo. Watu wakashika vichwa. Yeye akaenda kwa mama yangu.

Maana kichwani mwake kulikuwa na jambo lisilokaa sawa. Wadudu wangu walikuwa wamejaa, wakapungua, wakaisha, halafu ghafla wamejaa upya. Kitu kama hicho kinatokea wadudu wanapoizoea dawa, na hilo ndilo lililomtisha, maana wadudu wa hivyo wakiingia kambini ni msiba wa watu wengi. Akafunga kopo lile, likapelekwa kwenye maabara kubwa Mbarara. Kule wanawapanda kama mbegu, kwenye chupa zenye chakula kilichochanganywa na mayai: chupa moja haina dawa, nyingine imetiwa dawa. Unasubiri wiki hata sita. Wakiota kwenye zote mbili, dawa imeshindwa. Hakumwamini mtu kumsomea. Alikwenda Mbarara mwenyewe kwa nauli yake kuziangalia, na wenye maabara wakamruhusu, nadhani kwa kuchoka kumkatalia.

Aliporudi aliniita nyuma ya labo.

"Chupa bila dawa imejaa," alisema kwa Kiswahili chake cha Kivu, ambacho penye wa huweka ba. "Chupa ya dawa iko safi sawa sahani ya kanisa. Dawa inabaua hawa, nimeona na macho. Nimeuliza mama yako kama unameza, ameapa, na ule mama haapi bure. Sasa weye unameza dawa, dawa inabaua, na biko mingi sawa nzige. Niambie. Hii kifua ni ya nani?"

Nikasema ni yangu.

"Kuna mutu anatembea hapa na hii kifua na hajui. Anakula na batu, analala na bibi yake kitanda moja. Weye unamujua."

Nikasema tena ni yangu, nikaondoka.

Usinihukumu haraka, au nihukumu lakini ukijua. Anayekutwa na udanganyifu kwenye vipimo vya safari anaweza kufutiwa faili, na faili yetu ilikuwa moja. Mama, dada zangu, wote wangeanguka na mimi. Nikajiambia ngoja wapande ndege kwanza. Nikajiambia Kipa ni jabali, wiki tatu hazimfanyi kitu. Kila asubuhi nilimsikia akikohoa upande wa pili wa ukuta wa udongo, nami nikaimba ili nisisikie. Ndiyo, niliimba. Nina sauti nzuri.

Siku ya kumi na sita, Alhamisi, mazoezini, Kipa alidaka mpira na kifua, akainama, akakohoa, na glovu zake zikajaa damu. Nilimpakia kwenye bodaboda nikakaa nyuma nikimshika, na tulipofika labo sikusubiri kuulizwa. Nikasema, "Mama, ni huyu." Alimwekea Kipa ndoo yake akae. Halafu akanipa kopo, na safari hii alisimama mbele yangu hadi nilipokohoa.

Jumatano iliyofuata mama na dada zangu waliondoka, maana safari hii hawakuruhusiwa tena kunisubiri. Majibu yangu, tuliambiwa, bado. Mama alinishika uso kwa mikono miwili, akasema mwanangu, miezi michache tu utatukuta. Kisha baada ya muda mlango wa safari ukafungwa kwa watu wetu wote, na hadi leo haujafunguka.

Kitu kilichonichanganya kuliko vyote ni barua. Mama wa Labo alikuwa amewaandikia wakubwa kwamba makopo yalichanganyika mikononi mwake, kosa ni lake. Hakutaja jina langu kwenye udanganyifu. Akapewa onyo, akaondolewa kwenye hadubini miezi mitatu, akashika ufagio kweli. Mtu asiyesamehe beseni amenisamehe mimi? Nilipokutana naye akifagia nilitaka kumshukuru, akafagia vumbi juu ya viatu vyangu akapita.

Kipa alipona. Mwezi wa pili misalaba miwili, wa tano sifuri, wa mwisho sifuri. Lakini pafu moja limebaki kama puto la juzi, hawezi kukimbia, na sasa yeye ndiye refa wa Kashojwa anayesimama katikati ya uwanja na kupuliza filimbi kwa makadirio. Ananiambia kila tukikutana kwamba nisingemwazima makohozi angekufa bila kujua. Anacheka. Mimi nacheka naye, halafu nakwenda nyumbani nikiwa mgonjwa.

Basi chuki yangu ilikosa mahali pa kukaa, ikarudi kwenye ule msalaba mmoja wa mwezi wa pili. Usingekuwa huo, tungepanda ndege ya kwanza sote wanne, na hakuna kopo ambalo lingeazimwa. Nikajiandikisha darasa la jioni la watu wazima kwa nia moja: nisome sayansi hadi nimkamate huyu mama kosa. Wenzangu walisoma wapate kazi, mimi nilisoma kwa kisasi, na nakuambia kisasi kinashinda karo ya bure kwa kumfanya mtu asikose kipindi. Miaka minne. Siku mwalimu aliposema kwamba ile rangi nyekundu inamshika mdudu aliyekufa sawasawa na aliye hai, kwamba kwenye hadubini maiti na mzima hawatofautiani, nilisimama juu ya benchi. Mwalimu akadhani kuna nyoka.

Nilihitimu, nikaweka cheti kwenye bahasha ya plastiki, nikaenda kumtafuta.

Alikuwa amekwishastaafu ile kazi ambayo kwa karatasi hakuwahi kuifanya. Nilimkuta Mbarara, mtaa wa Kakoba, kwa mpwa wake, amekaa kibarazani akimenya matoke kwa kupapasa, macho yote mawili yameingia ukungu. Nilimsalimia. Alinijua kwa sauti.

"Mutoto ya ule mama wa kuapa," alisema. "Nilifikiri utakuja mapema. Kaa."

Mpwa akanipa chai. Nilikaa, nikafungua bahasha, nikamwambia mama, nimesoma, nina cheti, na nimekuja na neno. Nikalitoa lote nililoliandaa miaka minne: rangi, maiti, mzima, mwezi wa pili. Nikamwambia ulihesabu maiti, mama. Nilikuwa nimepona, wewe ukahesabu maiti ukatunyima ndege.

Aliendelea kumenya hadi akamaliza tunda.

"Ni kweli," alisema. "Bilikuwa maiti. Nilijua siku ile ile. Mudududu muzima iko sawa fito; ya kwako zilikatika-katika, sawa shanga zenye uzi umekatika. Lakini karatasi inauliza unaona ngapi. Haina fasi ya kuandika nadhani."

Nilibaki na cheti mkononi. Miaka minne ya jioni zangu, na alikuwa anayajua.

"Hiyo haiko kosa yangu," alisema. "Yangu ni ingine. Unaitaka?"

Nikasema naitaka.

"Ile Alhamisi ulikohoa. Ijumaa nilisoma. Punje mia, mara tatu. Sifuri, zote sifuri. Jumatatu batu ba safari bakapiga simu kwa labo, bananiuliza: kijana yuko namna gani, tumuweke kwa ndege ya Jumatano? Karatasi yako iko mbele yangu pale mezani." Alichukua tunda lingine, akalishika bila kulimenya. "Nikabaambia bado."

Nikaweka kikombe cha chai chini.

"Siku kumi na sita ulimusikia anakohoa. Ulikuwa unaimba, bibi yake aliniambia. Nikasema na huyu angoje. Mwezi moja, ama mbili, ajue kungoja inauma namna gani. Sikujua batafunga mulango."

"Lakini uliandika barua," nilisema. "Ulinificha. Ulinisamehe."

"Barua ilikuwa juu ya mama yako, ndege isimuache. Simu ilikuwa juu yako."

Hakuomba radhi. Nilingoja, nikaona haiji, na nikaelewa kwamba anayemjua huyu mama hawezi kungoja kitu hicho. Alingoja yeye pia, nadhani alitaka nimpige au nimtukane. Ndipo mkono wangu ukaingia mfukoni wenyewe ukatoka na simu. Nikamwambia mama yangu yuko hai, yuko huko kwenye baridi, saa hizi ameamka. Nikamwambia utamwambia yeye. Kwa mdomo wako.

"Piga," alisema. "Lakini nikianza nitasema yote. Na ile kikombe ya kuazima. Miye sipimi nusu."

Mama hajui habari ya Kipa. Miaka yote hii anaamini makopo yalichanganyika. Anamweka Mama wa Labo kwenye maombi yake, na mimi ananiweka kwenye ushuhuda, kijana aliyeonewa akanyamaza. Nilifikiri kidogo, si sana. Nikapiga.

Ililia mara tatu. Mama akaitika kwa ile sauti yake ya asubuhi, akaniita kwa jina la utotoni. Nikaongeza sauti ya simu, nikamkabidhi.

"Mama," alisema yule, "ni mie, wa labo ya Nakivale. Niko hapa na mutoto wako. Tuko na kosa mbili za kukuambia. Moja ni yake, moja ni yangu. Nianze na gani?"

Kule nikasikia kiti kikivutwa. Halafu mama akasema, "Anza na kubwa."

Nikamnyooshea kidole Mama wa Labo. Yeye, na ukungu wake wote machoni, alikuwa amekwisha kuninyooshea chake. Tulikaa hivyo, vidole vimenyooka juu ya sufuria ya matoke, hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza kushusha, na kule kwenye baridi mama yangu akawa anasubiri.